Spectra S1: pampu ya maziwa ya mama, kazi ya baba

Mapitio ya pampu za maziwa huandikwa kwa ajili ya mama, na ni haki, maana titi ni lake. Lakini kukamua kwenyewe ni dakika 15 hadi 20 tu. Kinachobaki ni kuunganisha vifaa, kumimina, kuandika tarehe, kuhifadhi, kuosha, kuanika na kutafuta kwa nini upande wa kushoto leo hauvuti. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji titi. Ndiyo maana hapa S1 inapimwa kwa jicho la baba, fundi wa zamu ya usiku. Kwa kazi hiyo ni mashine nzuri: sehemu zake ni chache, hitilafu zake hueleweka, na nyingi hutengenezeka mezani kwa dakika tano. Anayeinunua akidhani itajiendesha yenyewe ataiweka kabatini kabla mwezi haujaisha.

Kwa umbo ni kisanduku cha mviringo cha rangi ya buluu, chenye mshikio juu, uzito wake kama kilo moja na nusu. Mwenzake S2 ni wa waridi na hufanya kazi ile ile, isipokuwa S1 ina betri ndani na S2 lazima iwe kwenye plagi muda wote. Mtengenezaji anataja saa 3 za betri, yaani vikao vinane au tisa. Anayekamua kitandani, garini, au mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, achukue S1 bila kuumiza kichwa. Kioo chake kinaonyesha dakika, kasi ya mdundo, ngazi ya mvuto na kiasi cha chaji. Kuna taa yenye mwanga wa aina mbili. Ule hafifu unatosha kuona chupa usiku bila kumwamsha mtoto. Mashine ikisahauliwa inajizima baada ya dakika 30.

Sifa kubwa ya S1 imo katika kipande kidogo ambacho wengi hawakitazami. Kati ya faneli, yaani koni inayokaa kwenye titi, na mrija wa hewa kuna kizuizi chenye nusu mbili, na katikati yake umelala mpira mwembamba wa silikoni. Mashine huvuta hewa, mpira huo hupanda na kushuka, na mvuto hufika kwenye titi bila maziwa kupita kwenda kwenye mrija na injini. Katika pampu zisizo na kizuizi cha namna hii, tone likipotea njia huingia kwenye mrija, hukaa, huota ukungu, na hakuna brashi ya kufika huko.

Kuunganisha ni hivi. Vali nyeupe yenye umbo la mdomo wa bata inasukumwa chini ya shingo ya faneli mpaka ikae sawa. Chupa inafungwa chini yake. Kizuizi kinawekwa juu ya shingo, mrija unachomekwa juu ya kizuizi, na ncha ya pili inaingia kwenye tundu la mashine. Upande wa pili vivyo hivyo. Ukikamua titi moja tu, tundu lisilotumika lizibwe, la sivyo hewa itapotelea hapo. Kila kitu kinachoguswa na maziwa kiwe kikavu, hasa kizuizi: mpira wake ukiwa na unyevu hunata upande mmoja na mvuto hupungua.

Malalamiko makuu kuhusu pampu yoyote ni "haivuti", na mara nyingi injini haina kosa. Anza na vali. Ishike kwenye mwanga: ule mpasuko mdogo wa mwisho uwe umefungana kabisa. Ukiona mwanga unapita, vali imekwisha. Kinachoziua haraka ni brashi ya chupa au ncha ya kidole kupitishwa katikati ya mpasuko wakati wa kuosha. Silikoni hutanuka na hairudi. Ioshe kwa kuisugua taratibu kwa vidole kutoka nje, basi. Vali ikiwa nzima, fungua kizuizi, hakikisha mpira umekaa pande zote bila mkunjo, kisha sukuma tena ncha za mrija. Bado? Hamisha vifaa vyote vya kushoto kwenda kulia. Udhaifu ukihama pamoja navyo, kosa ni la kifaa. Udhaifu ukibaki kwenye tundu lile lile la mashine, hapo ndipo dhamana itafutwe. Jaribio hili linachukua dakika mbili na limeokoa mashine nyingi zilizokuwa njiani kurudishwa dukani.

Vali hazidumu, na hilo si ubovu. Kwa anayekamua mara mbili au tatu kwa siku, badilisha kila baada ya miezi 2 hadi 3. Kwa mama wa mtoto njiti anayekamua mara 8 au zaidi kwa saa 24, kila mwezi. Hatari ni kwamba huchoka polepole: maziwa yanapungua mililita 10 leo, 10 wiki ijayo, na mama anaanza kujilaumu, kumbe tatizo ni kipande cha silikoni kinachokaa kwenye ncha ya kidole.

Sasa faneli, na hapa ndipo S1 inapokosa alama. Sandukuni kuna faneli za milimita 24, mara nyingi na jozi ya 28. Zipo pia za 20 na 32, lakini hununuliwa kando. Kwa wanawake wengi hata 24 ni kubwa. Kinachopimwa ni kipenyo cha chuchu peke yake kwenye shina, bila ile sehemu nyeusi inayoizunguka, na hupimwa kabla ya kukamua kwa sababu baadaye chuchu huvimba. Ushauri wa miaka mingi ni kuongeza milimita 2 hadi 4 juu ya kipimo hicho. Washauri wengi wa unyonyeshaji siku hizi wanakaribia zaidi kipimo chenyewe. Kipimo cha kulia na cha kushoto kinaweza kutofautiana, hilo ni jambo la kawaida.

Usiamini rula peke yake, tazama pampu ikifanya kazi. Chuchu inatakiwa iende mbele na nyuma kwa uhuru katikati ya bomba la faneli. Ikikwaruza ukuta, ikitoka nyeupe kama iliyokatiwa damu au ikiwa na pete ya wekundu, faneli ni ndogo. Kama ile sehemu nyeusi inavutwa kuingia ndani kwa wingi, ngozi inavimba, na titi linabaki na mabonge baada ya dakika 20, faneli ni kubwa. Faneli kubwa ndiyo kosa linalojificha zaidi, kwa kuwa mwanzoni haiumi. Zipo pete za silikoni za kupunguza kipenyo zinazoingia ndani ya faneli ya 24, na hutosha kwa majaribio kabla ya kununua saizi kamili.

Vitufe vinatisha kuliko kazi yenyewe. Kuna hali mbili. Ya kwanza ni ya kusisimua: mdundo 70 kwa dakika, mvuto kutoka ngazi 1 hadi 5. Ya pili ni ya kukamua: mdundo unachaguliwa kati ya 54, 50, 46, 42 na 38, na mvuto kutoka 1 hadi 12. Mpangilio huu unamwiga mtoto. Anapokamata titi huvuta upesi upesi na kwa juujuu mpaka maziwa yashuke, kisha hutulia, huvuta kwa kina na kumeza. Kwa hiyo anza na hali ya kusisimua kwa dakika moja au mbili. Maziwa yakianza kuchuruzika, geuza kwenda hali ya kukamua, mdundo 54 na mvuto mdogo. Pandisha mvuto ngazi moja moja huku ukishusha mdundo hadi 46 au 38. Mama akihisi hata usumbufu kidogo, rudi ngazi moja na ubaki hapo. Mtiririko ukikauka, kwa kawaida baada ya dakika tano hadi saba, rudisha hali ya kusisimua ili yashuke mara ya pili, kisha endelea.

Mtengenezaji anataja mvuto wa juu wa mmHg 270 (milimita za zebaki, kipimo cha mvuto), nguvu ambayo haihitajiki na wengi. Maziwa hayatoki kama maji ya kisima kwamba ukivuta kwa nguvu zaidi unapata zaidi. Yanasukumwa kutoka ndani: homoni ya oksitosini hukaza misuli midogo inayozunguka vifuko vya maziwa. Maumivu, baridi, haraka na wasiwasi huizuia. Mama anayekamua kwenye ngazi ya 11 huku amekunja uso atapata kidogo kuliko aliyetulia kwenye ngazi ya 5. Baba anaweza kusaidia kwa mambo madogo sana: faneli iliyopashwa moto kwenye maji ya uvuguvugu ikakaushwa, glasi ya maji kando, mtoto mikononi mwake, na mdomo uliofungwa kuhusu vipimo vya chupa. Kauli ya "leo ni mililita 40 tu?" inaharibu kikao kinachofuata. Isitoshe ni kipimo cha uongo, kwani mtoto anayenyonya vizuri hutoa maziwa kuliko mashine yoyote. Utajua anashiba kwa nepi sita au zaidi za mkojo kwa siku kuanzia siku ya tano, na uzito wa kuzaliwa kurudi ndani ya siku 10 hadi 14.

Mkono nao usisahaulike. Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2009, kwa akina mama wa watoto njiti, kwamba kulibinya na kulikanda titi wakati pampu inavuta, kisha kumalizia kwa mkono, huongeza maziwa. S1 inafaa hapa vizuri kwa kuwa mashine inakaa mezani. Sidiria ya kushikilia faneli ikiwepo, mikono yote miwili inakuwa huru.

Kwa siku mbili tatu za kwanza, iache sandukuni. Dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ni nzito na hutoka kidogo, matone au mililita chache kwa mlo, na kiasi hicho kikipita kwenye faneli, vali na chupa kinabaki kimeganda njiani. Ukikamua kwa mkono kwenye kijiko au sirinji, kinachopotea ni kichache kuliko kwa pampu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 na zaidi. Ikiwa mtoto ananyonya vizuri, hakuna ratiba ya pampu inayohitajika wiki hizo. Kukamua juu ya kunyonyesha bila sababu huuamuru mwili utengeneze maziwa ya watoto wawili. Matokeo ni titi lililojaa kupita kiasi, na uvimbe. Wekundu, maumivu na homa ya nyuzi 38 au zaidi ni safari ya kwenda kwa daktari, na kunyonyesha hakukomi. Mtoto njiti au asiyeweza kukamata titi ni habari nyingine: kukamua kuanze ndani ya saa chache za kwanza, kwa mkono na kwa pampu, mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo.

Kuosha ndiyo sehemu ya kuchosha, na S1 haina muujiza. Baada ya kila kikao, faneli, vali na chupa vinatenganishwa na kusuuzwa chini ya maji yanayotiririka, kisha vinaoshwa kwa sabuni na maji ya moto kwenye beseni lake lenyewe, kwa brashi yake yenyewe (vali, kama ilivyosemwa, kwa vidole). Sinki la vyombo halifai. Suuza, anika kwenye taulo safi, acha hewa ikaushe. Kitambaa cha kufutia vyombo kinarudisha vijidudu. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye kinga dhaifu, chemsha vifaa hivyo mara moja kwa siku kwa dakika 5, na visilale kwenye kitako cha sufuria kwa sababu plastiki hupinda. Beseni na brashi pia huoshwa. Kizuizi hakihitaji kuoshwa kila mara: kifungue tu kikiwa kimeingiwa na maziwa au unyevu, na kisirudi kazini kabla ya kukauka kabisa. Mirija haioshwi wala kuchemshwa. Ukiona mvuke ndani yake, acha mashine iendelee dakika chache bila kukamua. Ukiona madoa meusi, tupa.

Kosa la kutisha hapa ni kuloweka. Mwaka 2016, huko Pennsylvania, Marekani, mtoto njiti alipata maambukizi mabaya ya bakteria wa Cronobacter, na uchunguzi ulifika kwenye vifaa vya pampu vilivyokuwa vikiachwa kwa saa kadhaa ndani ya beseni la maji ya sabuni bila kusuguliwa wala kuchemshwa. Tukio hilo lilifuatiwa na mwongozo wa kuosha pampu uliotolewa na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa. Maji ya sabuni yaliyopoa ni kitalu cha bakteria. Kama huna nguvu ya kuosha saa tisa usiku, nunua seti ya pili ya vifaa, lakini usiloweke.

Kuhifadhi kunafuata saa. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Chumba kikiwa na joto zaidi ya hapo, yaende kwenye friji mara moja. Kwenye friji siku 4, nyuma kabisa na si mlangoni. Kwenye friza, miezi 6 ni bora, 12 ndiyo mwisho. Gandisha mililita 60 hadi 120 kwa mfuko, acha nafasi ya sentimita mbili na nusu juu kwa kuwa yanatanuka, laza mfuko ili uyeyuke upesi, andika tarehe kabla ya kumimina kwani kalamu haiandiki kwenye plastiki yenye unyevu. Yakishayeyuka kwenye friji, saa 24, na hayagandishwi tena. Yaliyobaki kwenye chupa baada ya mtoto kunywa, saa 2. Pasha kwa kuweka chupa kwenye maji ya moto, kamwe si maikrowevu, ambayo huacha sehemu za kuunguza katikati ya maziwa ya baridi. Mafuta yakijitenga juu, zungusha chupa. Maziwa yaliyoganda yakinuka kama sabuni, kwa kawaida ni kazi ya kimeng'enya kiitwacho lipesi, na yanafaa kunywewa, ingawa wapo watoto wanaoyasusa.

Chupa za S1 ni za mdomo mpana, zenye mililita 160, na zinatosha sana. Kati ya mwezi 1 na 6, mtoto anayenyonya hunywa wastani wa takriban mililita 750 kwa siku; gawanya kwa milo 8 upate kama 95. Baba anayejaza 160 kila mara anamwongoza mtoto kukataa titi, au anamaliza akiba ya friza kwa wiki. Kama mtoto ananyonya vizuri, subiri wiki 3 hadi 4 kabla ya kuanzisha chupa. Mkalishe karibu wima, laza chupa iwe usawa wa sakafu badala ya kuielekeza chini, mpe mapumziko kila baada ya vimezo kadhaa, na mlo uchukue dakika 15 hadi 20. Akigeuza kichwa ameshiba, hata kama zimebaki 30. Kikombe kidogo nacho kinafaa, na ni rahisi kuosha kuliko chuchu ya chupa.

Katikati ya mlo badilisha mkono. Mtoto anayenyonya hubadilishiwa upande kwa kawaida ya titi, hivyo macho na shingo yake hufanya kazi pande zote mbili. Chupa haimlazimishi mtu kufanya hivyo. Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali wa uso wa anayemlisha. Mtazame, msemeshe, nyamaza naye ajibu. Simu ikiwa mkononi, uso wako kwake ni kidevu tu.

Ikilinganishwa na nyingine: Medela Harmony, ya mkono, ni nyepesi, haihitaji umeme, na kwa anayekamua mara moja moja inatosha kabisa, ila kiganja huchoka ikiwa ni kila siku. Haakaa ni kikombe cha silikoni kinachoning'inia kwenye titi la pili wakati mtoto ananyonya. Hukusanya yanayodondoka, lakini ikiachwa kila mlo inachukua maziwa ambayo mtoto angeyafuata baadaye. Za kuvaa ndani ya sidiria zinampa mama uhuru wa kutembea, ila ni vigumu kuona chuchu ilivyokaa, na vipande vya kuosha ni vingi. Mama anayekamua kila siku kazini, au ambaye mtoto hawezi kunyonya, apate S1 au pampu kubwa ya hospitali. Anayebaki nyumbani na mtoto anayenyonya vizuri hahitaji hata moja.

Pamoja na mashine, weka kwenye droo moja: vali nne, mipira miwili ya kizuizi, jozi moja ya mirija, faneli za saizi iliyopimwa, na kalamu isiyofutika. Vali za akiba zikibaki mbili, agiza nyingine siku hiyo hiyo.